Yaliyo Chini ya Mstari

Kambini, 14 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, wewe na shemeji na wanao, na mama yetu kabla ya wote. Mimi sijambo. Barua yako ililetwa na gari la vyakula, ikiwa imelaliwa na dumu la mafuta ya kupikia, kwa hiyo kona moja ilikuwa kama imekaangwa. Lakini mwandiko wako nausoma hata ukikaangwa. Nimefurahi kusikia shemeji amepewa lori jipya la kubebea saruji, na kwamba kitinda mimba wako ameota meno. Mfiche vidole.

Kama kawaida yetu, msomee mama mpaka kwenye mstari. Chini ya hapo ni kwa macho yako tu.

Mama, shikamoo. Wiki hii wageni wangu wamebahatika. Tulitoka alfajiri, umande bado uko kwenye majani, tukawakuta simba wamelala katikati ya barabara kana kwamba wao ndio wenye nyumba. Nikazima injini. Dume akainuka, akajinyoosha, akaja taratibu mpaka ubavuni mwa gari, akanusa tairi. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alinishika mkono na hakuuachia mpaka tuliporudi kambini kunywa chai. Hivyo ndivyo tunavyoishi huku, mama. Tunalala kwenye mahema, na asubuhi tunakuta fisi amepita mlangoni. Nikija likizo nitakusimulia yote.

__________

Dada, hizi habari za mama kutaka kuja huku zimeanzia wapi? Mbona unaniletea moto mkononi? Unajua kazi yangu. Yule simba ni wa Kofia, dereva wetu anayeongoza wageni. Alitusimulia jikoni huku mdomo umejaa wali. Mimi asubuhi ile nilikuwa nachimba shimo jipya la choo. Napasua kuni, nachemsha maji kwenye mapipa, najaza ndoo za bafu za wageni. Wenzangu wananiita Bwana Maji Moto. Sisi wafanyakazi wa kambi haturuhusiwi kupanda magari ya wageni. Miaka yote hii sijamwona simba hata mmoja, wala tembo, dada. Nimewasikia, nimekanyaga walipokanyaga, basi. Ninaowajua ni nyani, kwa sababu wananiibia sabuni.

Nilimwambia naongoza wageni wakati ule amelazwa, nikitafuta la kumchekesha. Sasa nimenasa. Mwambie barabara ni mbaya.

Mdogo wako,
Kijiti


Nyumbani, 9 Februari

Kijiti, mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Pale kiwandani mashine ya kukandia imekufa tena, kwa hiyo tunakanda unga kwa mikono, na mabega yangu sasa ni ya mbeba magunia. Shemeji wako anasema siku hizi kabla ya kunikosea anafikiri mara mbili. Mtoto kamng'ata daktari wa kliniki. Anakusalimu.

Simba wako nimemsoma mara tatu. Mara ya tatu mama alimwita yule fundi viatu jirani yetu aje asikie, akakaa mlangoni na kiatu cha watu mkononi, mdomo wazi. Mama kajaa furaha. Kisha akaniambia niandike hivi, na nisiongeze neno langu:

"Mwanangu, nimefua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu. Sijawahi kukuomba kitu. Sasa naomba. Nataka nilale kwenye hema. Asubuhi nipande hilo gari lako, wewe ukae mbele, unionyeshe tembo. Barabara mbaya nimezisikia. Mimi si yai."

__________

Umeona mwenyewe. Habari za barabara nilizisema, akacheka.

Mdogo wangu, usimzungushe. Macho yanamsumbua. Nimempeleka kwa daktari. Kama unaweza kufanya mpango mwezi huu, iwe mwezi huu. Usiniulize zaidi.

Dada yako


Kambini, 30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Wageni wamefurika, wengine wanaondoka wengine wanashuka, hata kunyoa sijanyoa. Poleni na mashine. Mtoto aliyeng'ata daktari mwambie mjomba wake anamsifu.

Mama, shikamoo. Ombi lako nimelipokea na limenikaa moyoni. Nivumilie tu kidogo, mpaka wageni wapungue. Mwishoni mwa Mei kambi huwa tupu, na hapo nitakuwa na nafasi ya kukutembeza bila haraka. Utalala kwenye hema lenye kitanda na kapeti. Tembo wapo wengi, hawaendi popote, wanakusubiri wewe.

__________

Dada, umesema nisikuulize, nami nauliza. Macho yakoje? Anaona mpaka wapi? Daktari alisema nini? Kama ni miwani, nitatuma chochote nilicho nacho.

Nilimweleza Kofia kila kitu. Alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Kisha akasema, "Mama yangu mimi hakuwahi kuniuliza nafanya kazi gani." Wageni wakiondoka yeye hutoka kukagua barabara kabla hazijafungwa, gari likiwa tupu. Amesema mama atapanda, na mimi nitakaa mbele, na ile kofia yake atanivisha mimi. Meneja amekubali tulitumie hema moja ambalo zipu yake imekufa na halikodishwi. Lakini kabla ya Mei haiwezekani. Nimemwomba, nimemsihi, amekataa. Nikiondoka katikati ya msimu, kazi nimeimwaga.

Naogopa, dada. Ataniuliza ndege huyu ni nani, mti huu ni gani. Nitajibu nini?

Kijiti


Nyumbani, 2 Mei

Kijiti,

Marahaba. Huku kwetu salama. Mashine imepona, mimi bado. Kitinda mimba anatembea, yaani anaanguka huku akisonga mbele.

Mama amekwisha kujiandaa. Gauni lake la bluu limepigwa pasi na kukunjwa, kisha likakunjuliwa likapigwa pasi tena, kwa sababu mimi kwa upigaji pasi hanitambui. Fundi viatu kambadilishia soli viatu vyake bila kutaka malipo, ila ametaka asimuliwe tembo akirudi. Shemeji wako ana mzigo wa saruji wa kupeleka upande huo mwishoni mwa mwezi. Atamleta mpaka kwenye lango la hifadhi, na siku tatu baadaye atampitia. Mama anasema, "Mwambie mwanangu nakuja na masikio yangu yote, asinifiche kitu."

__________

Akishuka mshike mkono. Kamba za hema zisivuke njia anayopita. Maji ya kuoga mchanganyie wewe mwenyewe, na sabuni mwekee mkononi. Usimwache peke yake.

Dada yako


Kambini, 6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji atakuwa amekwisha kuwaambia kwamba alimkuta mama salama na akamrudisha salama. Namshukuru sana. Namshukuru na fundi viatu, zile soli zilikanyaga pori na hazikuteleza.

Mama, shikamoo. Nilipokuona kwenye lango na gauni lako la bluu nilijiona mtoto wa shule. Kofia anakusalimu. Mpishi anasema tangu aanze kazi hakuna mgeni aliyemwambia chumvi imezidi, wewe ulikuwa wa kwanza, na siku hizi anaonja. Hema lako bado tunaliita hema la mama. Tembo wanakusalimu.

__________

Dada, nina hasira na wewe. Nimeshika kalamu na kuiweka chini mara nyingi. Kwa nini hukuniambia?

Pale langoni alishuka kwenye lori akiwa kamshika shemeji bega. Nikadhani ni uchovu wa safari. Nikamshika mkono kama ulivyoagiza, akanipapasa uso, nikadhani ni hamu ya mwana. Mikono yangu akaishika muda mrefu, kiganja hiki na hiki. Jioni nikamwekea taa ndani ya hema, nikakaa nje. Utambi ulikuwa mbaya, taa ikazimika, na yeye akaendelea kunisimulia habari za fundi viatu kutoka mle gizani kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo moyo ulinilipuka. Lakini binadamu hujidanganya, dada. Nikasema kesho, kwenye mwanga, itakuwa tofauti.

Asubuhi tukatoka. Mama nyuma, mimi mbele na kofia ya watu kichwani, Kofia kwenye usukani bila kofia. Umande ulikuwa mwingi. Tukakuta twiga karibu kabisa na barabara. Nikasema, "Mama, twiga hao!" Akasema, "Naona, naona. Kweli wana shingo." Nikageuka kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, pale sauti ilipotoka. Twiga walikuwa upande wa pili.

Kofia alimwangalia mama kwenye kioo. Akaendesha.

Tembo tuliwakuta kwenye bonde, wanavuka. Injini ikazimwa. Dada, mimi nilikuwa sijawahi kuwaona. Nilidhani nawajua kwa kusimuliwa, kumbe sikuwa najua kitu. Wanatembea bila kishindo, kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa. Niliwaza nikae kimya, nilie, nimwambie Kofia ageuze gari. Nikaanza kusema. Nikamwambia yule wa mbele ni jike kubwa, sikio lake la kushoto limechanika. Nikamwambia rangi yao si ya kwenye picha, ni ya udongo wanaojimwagia. Nikamwambia kuna mdogo anatembea chini ya tumbo la mama yake, na mama yake anapunguza hatua asimkanyage.

Mama akawa anauliza. "Na sasa anafanya nini? Macho yangu kwa mbali ni mabovu kidogo." Nami najibu. Akasema wananuka kama nyasi zilizolowekwa zikachachuka. Ni kweli, lakini mimi nilikuwa sijasikia harufu yoyote mpaka aliposema. Kila nikigeuka kumtazama anasema, "Usiniangalie mimi. Waangalie wao. Unawaona vizuri?" Nikasema nawaona. "Angalia vizuri, mwanangu." Nilikuwa nimelia tayari, na Kofia akasema kwa sauti kwamba vumbi la huku ni baya sana kwa macho. Mama akasema, "Mpe kitambaa mwenzio."

Tulikaa pale mpaka wa mwisho akapotea vichakani. Siku ya pili tukatoka tena, tukaona simba, na yeye akanisifu mbele ya Kofia kwamba kazi yangu naijua. Sikumwambia kwamba nimejua. Sikuweza. Alikuwa anafurahi sana, dada, au alikuwa ananifanyia furaha, hata sasa sijui. Alipopanda lori kurudi aliniambia, "Sasa nimeona," na mimi nikamjibu, "Ndiyo, mama, umeona."

Ningekuja kumchukua Februari. Ningeacha kazi. Ungeniambia tu neno moja.

Kijiti


Nyumbani, 21 Agosti

Mdogo wangu Kijiti,

Sijui nianze na salamu gani. Watoto hawajambo, shemeji wako hajambo.

Mama ametutoka. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, mimi nimetoka kazini na mkate mkononi, bado una moto. Alisema ananusa mkate. Nikaenda kumkatia kipande, niliporudi alikuwa amekwisha kwenda. Tulipiga simu kwenye ofisi yenu ya mjini, wakasema kambi imehamishiwa ng'ambo ya mto na ujumbe utapelekwa na gari la vyakula. Tukakusubiri. Tulisubiri mpaka watu wakaanza kuniangalia kwa huruma, ndipo nikakubali azikwe. Nisamehe. Kutoka kwenye lango la makaburi mpaka shimoni nilikuwa nageuka nyuma nikidhani nitakuona unakimbia na hayo magoti yako membamba.

Barua hii haina mstari. Hakuna tena wa kufichwa.

Uliuliza mwezi wa tatu, na sikukujibu. Daktari alisema ni uvimbe, uko nyuma ya jicho na unaelekea ndani. Alisema macho yatatangulia. Mwezi wa pili alikuwa anaona mwanga wa dirisha, wa nne hakuona kitu. Alinishika mkono akaniapisha nisikuambie, si juu ya mstari wala chini yake. Kumbe mstari alikuwa anaujua. Alisema, "Unaposoma barua za mdogo wako, unafika mahali unameza mate, kisha unaniambia imeisha. Na karatasi bado iko mkononi."

Ulikuwa na haki ya kunikasirikia. Nami nilikuwa na hasira na wewe kwa kutuambia tusubiri mpaka Mei, ingawa najua hukuwa na namna. Tuyaache hapo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu alinipa ruhusa nikuambie akishakwenda. Siku aliyorudi kutoka kwako nilimwuliza, "Mama, umekwenda kote kule kufanya nini, na huoni?" Akasema:

"Nilijua kazi yake tangu zamani. Akija likizo, nguo zake nilifua mimi. Mtu wa kukaa kwenye usukani suruali yake huchakaa makalioni. Ya kwake imechakaa magotini, na shati linanuka moshi wa kuni. Mwanangu anapuliza moto. Ananisimulia simba barua kwa barua, lakini hajawahi kuniambia mnyama ananukaje. Mtu aliyekaribia kitu husema harufu yake. Nikajua hata kuwaona hajawaona. Yuko kwa wanyama miaka yote hiyo, na wakubwa wake hawamwonyeshi. Mimi macho yamekwisha, sina kazi nayo. Lakini nikienda mimi, gari litatoka, na mama akiwa ndani ya gari hawatamwacha mtoto nje."

Barua yako ilipofika nikamwuliza kama alijua kwamba umegundua. Akasema, "Alijua pale kwa twiga. Sauti yake ilibadilika. Alisimulia vizuri kuliko kwenye barua." Kisha akaomba nimfungulie dirisha.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kuona tembo, Kijiti. Alikuombea wewe nafasi kwenye gari.

Dada yako


Kambini, 3 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta kwenye mapipa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, mpaka maji yakakauka na pipa likaanza kuungua. Wageni walioga maji baridi. Meneja alikuja amefura, akaniona, akarudi zake. Ule ujumbe wa simu haukunifikia mpaka leo. Pole, dada. Ulimzika peke yako, ukiniangalia njiani. Hilo litaniuma maisha yangu yote.

Nitakuja Desemba. Nguo zake za mwisho usizifue. Niachie mimi nizifue.

Sasa msomee mama. Kaa kitandani pake, au nenda kule alipolala, popote utakapoweza. Lakini soma kwa sauti, na usimeze mate.

Mama, shikamoo. Mimi ni mchemsha maji. Napasua kuni, nachimba vyoo, najaza ndoo za bafu, na wageni husema maji yangu ni mazuri. Suruali ya sasa imetoboka goti moja. Leo asubuhi nilikuwa napuliza moto nikasikia ile harufu ya nyasi zilizochachuka, kabla sijaona kitu. Nikaacha moto. Wale tembo wetu walikuwa mtoni, ng'ambo tu ya mahema. Nilimjua jike kwa lile sikio lililochanika. Yule mdogo amekua, mama. Bado anataka kupita chini ya tumbo la mama yake, lakini mgongo wake sasa unakwama, na mama yake anasimama kumngoja ajaribu tena. Nilisimama pale mpaka wa mwisho akapanda ukingo. Niliwaangalia wao. Niliwaangalia vizuri.

__________

Dada, chini ya mstari leo sina kitu.

Kijiti